Swingi fupi au swingi ndefu: ipi inauacha mwili ugeuke?

Ukikaa penye wavu wa mazoezi ya gofu hapa Dodoma utasikia ushauri wa aina mbili, na mara nyingi anapewa mtu yuleyule. Wa kwanza atamwambia, "Fupisha kaka, fimbo inakwenda mbali mno." Wa pili, aliyekaa kivulini na chupa yake ya maji, atadakia, "Afupishe nini? Hajamaliza hata kupanda, ndiyo maana anapiga kwa mikono." Mpigaji anabaki njia panda, na mpira wake unaofuata unakata kulia vilevile kama uliotangulia.

Wote wawili wanaweza kuwa wamesema kweli. Ila macho yao yako kwenye fimbo, na fimbo ndiyo kitu cha mwisho kueleza shida ilipo. Nalinganisha hapa kupanda kufupi na kupanda kurefu kwa swali moja tu: kila kimoja kinaufanya nini mzunguko wa mwili? Swingi ni mwendo mzima wa kuizungusha fimbo kupiga mpira. Nikisema kupanda nina maana ya safari ya fimbo kutoka mpirani hadi juu, na kushuka ni kurudi. Maelezo yote ni ya mpigaji wa mkono wa kulia. Wa mkono wa kushoto ageuze pande.

Fupi ni ipi, ndefu ni ipi

Kupanda kufupi ni pale mkono wa kushoto unapoishia sambamba na ardhi au juu kidogo ya hapo, vidole vikiwa usawa wa bega na fimbo ikielekea mbinguni. Kupanda kurefu ni pale mikono inapopita bega na kukaribia sikio, fimbo ikalala sambamba na ardhi nyuma ya kichwa au ikapitiliza. Katikati kuna robo tatu, ambayo ndiyo wengi wanaifikia wakidhani wamefupisha kupita kiasi. Hisia na video hazipatani katika jambo hili. Mtu anaapa kwamba alisimamisha mikono kifuani, simu inamwonyesha iko juu ya sikio.

Kipimo cha pili hakionekani kwenye fimbo: kifua kimegeuka kiasi gani, na nyonga je? Kwa wapigaji wa kulipwa, swingi kamili inageuza mabega kama nyuzi 90 na nyonga kama nusu ya hapo, yaani nyuzi 45. Mwaka 1992 mwalimu wa Kimarekani Jim McLean alieneza hoja kwamba umbali wa mpira unatokana na tofauti hiyo kati ya mabega na nyonga. Ni kama kukamua shuka: upande mmoja usiposhikwa, ukisokota mwingine hakuna mkazo. Baadaye watafiti walipima na kuona kwamba kinachowatenga zaidi wapigaji bora na wengine si tofauti waliyo nayo juu kabisa, bali jinsi inavyoongezeka kidogo pale nyonga zinapoanza kurudi huku kifua bado hakijageuka. Hilo la pili ndilo linalonisaidia kuchagua, na nitalirudia.

Sasa, vipimo hivi viwili havitembei pamoja. Unaweza kuwa na fimbo iliyolala nyuma ya kichwa huku kifua kimegeuka nyuzi 60 tu. Zilizobaki zimetolewa na kiwiko kilichokunjika na vidole vilivyolegea. Unaweza pia kuwa na mikono iliyoishia begani huku mgongo wote unaangalia shabaha. Anayetazama fimbo peke yake atamwita wa kwanza "ndefu" na wa pili "fupi", halafu atawapa wote ushauri usiowahusu.

Ukifupisha

Faida ya kwanza ya kupanda kufupi ni kwamba mikono inabaki mbele ya kifua. Kifua kikianza kurudi, mikono inarudi nacho, haina deni la kulipa njiani. Uzito unakaa upande wa ndani wa mguu wa kulia badala ya kuteleza hadi ukingo wa nje wa kiatu, kichwa hakihami sana, na sehemu ya chini kabisa ya mzunguko wa fimbo inarudi palepale kila mara. Anayepiga mipira mingi minene, ile ambayo fimbo inachimba udongo kwanza, mara nyingi anapona kwa kufupisha tu, bila kufundishwa kitu kingine.

Hasara yake ni mbaya zaidi kwa sababu imejificha. Mtu akiambiwa "fupisha", kitu cha kwanza anachosimamisha ni kifua. Mikono inaishia begani kama alivyoagizwa, lakini mabega yamegeuka nusu ya yanavyoweza na nyonga hazijatikisika. Hapo juu hakuna kilichosokotwa. Na kwa kuwa anataka mpira uende mbali, nguvu lazima itoke mahali, inatoka kwenye bega la kulia. Bega linaruka mbele, fimbo inashuka kutoka nje kuja ndani, mpira unavutwa kushoto au unaanza kushoto kisha unapinda kulia. Ile slaisi, yaani mpira unaopinda kulia, inayolalamikiwa kila Jumamosi, nusu yake ninaamini inazaliwa hapa: siyo kwa watu wa swingi ndefu bali kwa watu waliofupisha mwili wakidhani wamefupisha fimbo.

Kuna pia hesabu ya nguvu ambayo haikwepeki. Mikono ikisafiri njia fupi, ina nafasi ndogo ya kuongeza kasi kabla ya kufika mpirani. Ili upate kasi ileile lazima usukume kwa nguvu zaidi katika njia hiyo fupi. Vijana wenye miguu na mgongo imara wanaweza. Wengine wetu tunapoteza mita kadhaa, na ni afadhali kulikubali hilo tangu mwanzo kuliko kujaribu kulifidia kwa bega.

Wapo walioipandisha fimbo kidogo na kuogopwa duniani. Mhispania Jon Rahm, bingwa wa U.S. Open mwaka 2021 na Masters mwaka 2023, alizaliwa na mguu wa kulia uliopinda. Ulitibiwa akiwa mchanga, ila ulibaki mfupi kidogo kuliko wa kushoto na kifundo chake hakina uhuru wa kawaida. Mwenyewe ameeleza kwamba swingi yake ni fupi kwa sababu hiyo: akirefusha, mguu hauna uthabiti wa kumbeba. Mtazame lakini kifuani. Kimegeuka. Mmarekani Tony Finau naye, jitu la mita 1.93, anapanda kifupi kuliko wengi wanaomzidi umri, na mpira wake unakwenda mbali. Kinachowabeba wote wawili ni kasi ya nyonga zinavyogeukia shabaha mwanzoni mwa kushuka, yaani ile tofauti inayoongezeka niliyoitaja juu. Mtu wa kawaida anayeiga mikono yao bila nyonga zao amechukua nusu ya mkataba.

Ukirefusha

Kupanda kurefu kukiwa kwa kweli, maana yake mwili umeendelea kugeuka na mikono imebebwa nao. Kunampa mpigaji njia ndefu ya kuongeza kasi na, jambo ambalo watu hawalisemi vya kutosha, kunampa muda. Kwa wapigaji wazuri muda wa kupanda ni karibu mara tatu ya muda wa kushuka. Anayepanda kifupi na haraka hana huo muda wa kuhisi uzito ukirudi mguu wa kushoto. Anajikuta tayari yuko mpirani. Ndiyo maana wapo watu, hasa wazito wa mwili na wasio na haraka, ambao swingi ndefu ya taratibu inawafanya wagonge vizuri kuliko fupi.

Jack Nicklaus alishinda mashindano makubwa 18 akipandisha mikono juu sana, na kisigino chake cha kushoto kikinyanyuka kutoka ardhini. Kisigino hicho hakikuwa pambo. Kikinyanyuka, goti la kushoto linaingia ndani, nyonga zinapata ruhusa ya kugeuka zaidi, na kifua kinafuata. John Daly, aliyechukua ubingwa wa PGA mwaka 1991 na ule wa Open uliochezwa St Andrews, Scotland, mwaka 1995, alipitiliza hadi kichwa cha fimbo kikaelekea ardhini, na miaka ya 1990 hapakuwa na wengi wa kumfikia kwa umbali. Mgongo na nyonga zake zilikuwa na ulegevu ambao haufundishwi.

Uwongo wa kupanda kurefu una alama zake na zote zinaonekana kwa macho. Kiwiko cha kushoto kinakunjika. Vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa kushoto vinafunguka, fimbo inadondoka, halafu vinaikamata tena wakati wa kushuka, kila mara ikiwa imekaa tofauti. Mguu wa kulia unanyooka na nyonga, badala ya kugeuka, zinateleza kulia. Mbaya kuliko zote, mwili wa juu unaegemea shabaha: kifua kimekwisha nafasi, mikono bado inapanda, basi uti wa mgongo unapinda kushoto ili mikono ipate pa kwenda. Kiuno kinachopindishwa hivyo mara kwa mara kitauma, na maumivu hayo mengi watu wanayasingizia umri.

Halafu kuna suala la zamu. Katika kushuka kuzuri nyonga huanza, kifua kinafuata, mikono inafuata, fimbo ya mwisho. Nyonga huanza hata kabla fimbo haijamaliza kupanda. Mikono ikiwa imetoroka mbali nyuma ya kifua, nyonga zikianza inaachwa. Hapo mwili unachagua moja kati ya mawili: uendelee kugeuka na mpira usukumwe kulia, au usimame kuisubiri mikono, ambayo inafika kwa kupindua viganja na mpira unakunja kushoto. Leo hivi, kesho vile. Mtu wa swingi ndefu ya uwongo hana kosa moja, ana mawili yanayopokezana, ndiyo maana marekebisho yake hayadumu wiki.

Kama ni ushahidi wa uwanjani, mwaka 1970 Open ya St Andrews iliwakutanisha watu wawili wa swingi hizi. Doug Sanders, ambaye swingi yake ilikuwa fupi kupindukia, na Nicklaus walimaliza mashimo 72 wakiwa sawa, wakarudi siku ya pili kwa mashimo 18, na Nicklaus akashinda kwa pigo moja, 72 kwa 73. Sanders alikuwa na nafasi ya kumaliza kazi jana yake; alikosa pati fupi, yaani pigo la kuusukuma mpira shimoni, kwenye shimo la 18. Swingi zote mbili zilifika palepale. Lililowatenga lilikuwa pati.

Ardhi, upepo na wavu wa Dodoma

Ushauri mwingi wa gofu tunaousoma umeandikwa na watu wanaopigia kwenye nyasi laini zilizonyeshewa. Huku kwetu mvua ikikatika mwezi wa nne au wa tano, ardhi inakauka hadi Novemba au Desemba, na kiwanja cha wazi kinakuwa kigumu kama sakafu. Fimbo ikigusa ardhi sentimita chache kabla ya mpira haichimbi, inaruka, na ukingo wake unaugonga mpira tumboni. Mpira unatambaa chini kwa kasi na mikono inawaka moto hadi kiwikoni. Katika mazingira hayo mwili unaoteleza kulia hausamehewi. Kwa fimbo ya namba 7 na zile fupi kuliko hiyo (namba ikipanda, fimbo inakuwa fupi na mpira hauendi mbali), juu ya ardhi kavu ningemshauri karibu kila mtu aanze na kupanda kufupi, kwa sababu moja tu, kwamba kunapunguza kuteleza.

Mkeka wa mazoezi unadanganya hapa. Fimbo ikifika mapema inateleza juu yake na sauti inatoka nzuri. Wavu nao unadanganya kwa namna yake: hauonyeshi mpira ulikokwenda. Mtu anayepigia kwenye wavu tu hurefuka taratibu bila kujua, kwa kuwa kila pigo lenye kishindo linaonekana zuri. Ukipiga kwenye wavu pekee, kila mara weka simu mbele yako, la sivyo hujui unachojifunza.

Upepo ni hoja ya pili. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa mashariki hapa Dodoma haupumziki, na ukienda Singida ni zaidi. Ukipiga kinyume na upepo kwa swingi ndefu ya nguvu zote, mpira unazunguka kwa kasi kurudi nyuma, unapaa, unasimama hewani na kudondoka pafupi. Chukua fimbo yenye namba ndogo zaidi, panda kifupi, acha kifua kimalize kugeukia shabaha. Mpira utaruka chini na utakwenda. Anayejua swingi ndefu tu anapigana na upepo kwa kuongeza nguvu, na upepo unapenda hivyo.

Na jambo la tatu, ambalo nimeliona likiwaharibu watu wanapoteremka kwa treni ya SGR kwenda kucheza Morogoro Gymkhana au Dar. Dodoma iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kidogo na mpira unasafiri mbali zaidi kwa asilimia chache. Morogoro iko kwenye mita kama 500, Dar iko pwani. Namba 7 iliyozoea kufika inaishia kabla ya grini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo. Kufikia shimo la tatu mchezaji wetu ameshaanza kuutafuta huo umbali kwa kurefusha mikono, na kufikia la sita hajui tena mwili wake uko wapi. Dawa yake ni namba 6.

Mzee na kijana

Kuna mzee mmoja, mstaafu, aliyeshauriwa na kila mtu arefushe. Swingi yake iliishia begani na mipira yote ilikata kulia. Akajaribu kweli kurefusha, akapata maumivu ya kiuno na slaisi ileile. Asubuhi moja akaja kijana aliyewahi kuwa kedi, mbeba fimbo, huko Morogoro.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Haya, na wewe niambie nirefushe."

"Hapana mzee. Naomba weka fimbo kifuani, ukumbatie mikono juu yake. Sasa geuka kulia kama unapanda."

Mzee akageuka. Ncha ya fimbo, ambayo ingetakiwa kuelekea mpirani, ilikuwa bado iko mbali kushoto. Vifungo vya shati vilikuwa vinaangalia katikati ya mkeka na uzio.

"Sasa mzee, unyayo wa kulia ufungue nje kidogo. Na kisigino cha kushoto, ukikisikia kinataka kunyanyuka, kiache."

"Mimi niliambiwa kisigino kisiondoke chini."

"Walikwambia ukiwa kijana, mzee."

Akacheka, akageuka tena. Kisigino kikanyanyuka kidogo, kiasi cha kupitisha vidole viwili. Ncha ya fimbo ikaja juu ya mpira, na vifungo vya shati vikaangalia uzio wa kulia moja kwa moja. Akashika fimbo kawaida na kupiga. Kwenye video mikono yake ilikuwa imeishia begani, kama zamani. Mtu asiyejua angesema hajabadilika chochote.

Ndiyo chaguo ninalolipendekeza kwa wengi: mikono mifupi, kifua kirefu. Kwanza ujue kifua chako kinafika wapi ukikipa ruhusa, kisha mikono isimame pale kifua kinaposimama. Urefu wa fimbo unatoka wenyewe. Sioni sababu ya kuuchagua kwanza.

Wewe uko upande gani

Kabla ya kuchagua, jipime ukiwa kwenye kiti, hata kiti cha ofisini Mtumba wakati wa chai. Kaa wima, magoti pamoja, weka fimbo au rula ndefu kifuani, geuka kulia bila kunyanyua tako. Ukifika nyuzi 45, yaani nusu ya pembe mraba, mgongo wako unatosha. Kisha acha paja la kulia limetulia na uupeleke unyayo wa kulia nje, upande wa kulia, goti likibaki mahali pake. Hapo unaizungusha nyonga ya kulia kwa ndani, mzunguko uleule inaouhitaji wakati wa kupanda. Ikiwa unyayo unakataa mapema sana, nyonga ni ngumu. Fanya na kushoto, maana nyonga ya kushoto ndiyo inayopokea mwili wakati wa kushuka.

Mgongo mzuri na nyonga ngumu ndiyo hali ya kawaida ya mtu anayeshinda amekaa, na Dodoma ya sasa ina watu wengi wa namna hiyo. Huyu achague fupi, unyayo wa kulia uwe wazi, kisigino cha kushoto kiwe huru. Akilazimisha ndefu miguu ikiwa imebana, mzunguko ambao nyonga imeukataa utatafutwa kiunoni.

Aliyefaulu vipimo vyote viwili ana hiari. Kwa draiva, fimbo ndefu kuliko zote, juu ya tii, kile kijiti cha kuuinua mpira, mpira ukiwa umenyanyuliwa na ardhi haina neno, apande hadi kifua kimalize na mikono ipite bega. Kwa namba 8, 9 na weji, ile fimbo ya mapigo ya karibu, afupishe. Weji haina haja ya nyuzi 90 za mtu yeyote. Hata hivyo kifua kigeuke, maana weji inayopigwa kwa mikono mitupu ndiyo inayovuka grini.

Vijana, wale wa chuo wenye viungo laini, wana shida tofauti kabisa. Mwili wao unaruhusu karibu kila kitu, kwa hiyo hakuna kinachowasimamisha. Nyonga zinageuka nyuzi 70, mabega 110, na mkazo kati yake ni uleule wa mtu wa kawaida au pungufu. Kwa hawa ningebana miguu: unyayo wa kulia unyooke mbele, kisigino cha kushoto kikae chini, mikono iishie robo tatu. Hasara ya umbali kwao ni ndogo kuliko wanavyoogopa.

Aliyefeli vipimo vyote, au mwenye historia ya maumivu ya mgongo, achague fupi bila mjadala, nyonga na kifua vigeuke pamoja hata kama tofauti yake ni ndogo. Umbali utapungua. Amwone pia mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya kuongeza idadi ya mipira.

Na anayeanza leo? Hapa natofautiana na walimu wanaoanza na swingi kamili. Ningemwanzisha na mkono wa kushoto sambamba na ardhi, mpira baada ya mpira, hadi aweze kumaliza akiwa amesimama juu ya mguu wa kushoto, tumbo linaangalia shabaha na vidole vya mguu wa kulia vinagusa chini tu. Anayeweza kumaliza hivyo kwa swingi fupi ameshajua kuutumia mwili. Kurefusha baadaye ni rahisi. Kumnyang'anya mtu urefu aliozoea ni ugomvi.

Ukishachagua, thibitisha kwa simu

Video moja ipigwe kutoka mbele, simu ikiwa usawa wa kifua. Isimamishe pale fimbo ilipofika juu. Tazama vitu vitatu na usihangaike na fimbo: kiwiko cha kushoto, kimenyooka au kimekunjika; bega la kushoto, limefika chini ya kidevu au bado; na mstari wa vifungo vya shati, unaegemea kulia kidogo, umesimama, au unaegemea shabaha. Ukiona kiwiko kimekunjika na bega halijafika, wewe ni wa ndefu ya uwongo hata kama kila mtu anasema swingi yako ni kamili. Ukiona kiwiko kimenyooka na bega halijafika, umefupisha mwili. Rudi kwenye kisigino na unyayo wa kulia. Ukiona kiwiko kimenyooka na bega liko chini ya kidevu, acha. Hata kama mikono inaonekana mifupi, hata kama yule wa kivulini anasema hujamaliza.

Kisha piga mipira kadhaa kwa kila urefu, fimbo ileile, na kama una pa kuuona mpira ukianguka, hesabu iliyoangukia eneo moja badala ya ule mmoja uliokwenda mbali. Fanya hivyo asubuhi kabla ya saa tatu. Baada ya hapo upepo unaanza, na utakuwa unaupima upepo.